Puli Nyekundu ya Mkwe Wangu

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, manyunyu tu, ya kuwakomesha wavivu wa kuanua nguo. Binti yangu na mumewe walikuja kula mchana kama kila Jumapili. Mkwe wangu hakuja mikono mitupu. Alikuja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi, akakiweka mezani kati ya bakuli la mchuzi na jagi la maji, akakifunua taratibu kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Puli ya gari. Nyekundu, ya alumini, inang'aa mpaka unajiona.

"Mama, hii nimekuletea wewe," akasema.

Mkwe wangu ni muuzaji wa kaunta kwenye duka la spea. Ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na akisoma kitu kwenye simu yake anakiamini chote mpaka nukta. Akanieleza. Injini, alisema, haizungushi magurudumu peke yake. Pale mbele kuna puli inayovuta mkanda, na mkanda ule unazungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji, pampu ya usukani na mashine ya kiyoyozi. Vyote hivyo vinakula nguvu ya injini. Sasa ukiweka puli ndogo na nyepesi, vile vitu vinazunguka polepole zaidi, vinakula kidogo, nguvu inayobaki inakwenda barabarani, na mafuta unaokoa.

"Ni kama kumpunguzia mzigo mtu anayepanda ngazi, mama."

Mimi naendesha teksi tangu marehemu mume wangu aliponiachia gari. Kijiweni wananiita Mama Pilipili, na si kwa sababu ya mapishi. Abiria akibamiza mlango, namwambia. Fundi akinivurugia kazi, mtaa mzima unapata habari. Lakini mkwe ni mkwe. Kitu alichokuletea mkwe hukikatai, hukichokonoi kwa maswali, wala hukifungii kabatini. Unakitumia, akakiona kinatumika, na unakisifu. Nikasema, "Ahsante sana, mwanangu. Keshokutwa nampelekea fundi."

Binti yangu alibaki na kijiko hewani. Anajua ningemjibu nini kama angeniletea yeye.

Jumanne, 11 Machi

Fundi Subiri ameifunga. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimwuliza saa, atakwambia subiri kwanza. Ilibidi atafute na mkanda mfupi, kwa kuwa puli yenyewe ni ndogo. Alipofungua ile ya zamani alinionyesha duara la mpira lililo ndani yake.

"Huu mpira unameza mtetemo wa injini. Hii nyekundu haina. Ni alumini tupu."

"Kwa hiyo nisifunge?"

"Subiri, mama. Sijasema usifunge. Mimi nafunga. Nimesema tu haina mpira."

Ndio mafundi hao. Anakuonyesha shimo, halafu anakushika mkono uingie vizuri. Puli ya zamani nimeitupia kwenye buti.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Abiria wengi, matope yao mengi zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Mkwe alipiga simu nikiwa kijiweni. "Vipi mama, gari unalionaje?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyempelekea mwalimu daftari.

Nilikuwa sijaona kitu. Au niliona? Asubuhi, kwenye mlima wa tangi la maji, gari lilipanda vizuri. Lakini lilikuwa tupu, na barabara nayo ilikuwa tupu. Sijui kama nilihisi tofauti au nilitaka kuihisi. Nikamwambia, "Linaruka, mwanangu! Limepata roho mpya!"

Alicheka hadi akapaliwa. Nilipokata simu nikamkuta Tai kaegemea gari langu, ananitazama. Tai ni dereva mwenzangu wa miaka mingi, haivui tai yake hata jua liwe la kupasua mawe.

"Mama Pilipili, tangu lini wewe unasifu vitu?"

"Tangu leo."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

"Kidonda ni hiyo tai yako."

Jumapili, 16 Machi

Walikuja. Baada ya kula, binti yangu alinifuata jikoni, akafungua bomba la maji kwa nguvu ili sauti isisikike sebuleni. Nikajua kuna jambo.

"Mama, anataka kuacha kazi."

"Nani?"

"Nani tena? Mwisho wa mwezi wa nne. Anataka kufungua duka lake, la puli hizi na vitu vya namna hii. Anasema magari yote ya mjini yatazihitaji." Alikuwa anasuuza sahani ile ile. "Nilikuwa nimekwisha kumtuliza. Nilimwambia asubiri, kazi yangu yenyewe ni ya mkataba, tutakula nini? Akanielewa. Halafu ukamwambia gari limepata roho mpya. Sasa halali. Anasema, kama Mama Pilipili amesifu, basi nani atabisha?"

Nilipangusa meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Nakuuliza wewe, mama. Ni kweli ile puli inafanya kazi?"

Mkwe wangu alikuwa nyuma ya ukuta, anaimba imba mwenyewe. Nyumba yangu ni ndogo, ukuta wenyewe ni wa kupitisha hata kikohozi. Nikasema, "Kweli."

Binti yangu akafunga bomba. Akasema, "Haya. Kama ni kweli, basi nitamwacha afungue duka lake." Uso wake ulilegea, nikaona jinsi alivyokuwa ameubana muda wote.

Nimekaa hapa naandika na chai imepoa. Labda ni kweli. Maelezo yake yana mantiki. Sina sababu ya kujitafuna.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mfuniko wa mtaro umeibwa tena karibu na benki.

Jumanne, 25 Machi

Foleni ya darajani jioni, mvua ya kumwaga kwa ndoo. Taa nimewasha, waipa nimewasha, feni ya kukausha kioo nimewasha. Gari likisimama, taa za dashibodi zinafifia, na waipa zinajikokota kama zimeamshwa kwa nguvu. Nikikanyaga mafuta, vyote vinachangamka. Nikisimama, vinasinzia.

Betri hii. Nilijua tu yule muuzaji ni mjanja mjanja.

Ijumaa, 28 Machi

Si betri. Fundi Subiri ameipima, ni nzima.

"Alteneta inazunguka polepole," akasema. "Puli ndogo, mzunguko mdogo, umeme mdogo. Ukiwa mwendoni huoni kitu. Ukisimama foleni na vitu vyote vimewaka, betri inatoa kuliko inavyopokea."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukisimama, kanyaga mafuta kidogo kidogo, injini izunguke."

Kwa hiyo sasa ndiyo kazi yangu: nasimama kwenye foleni ninanguruma peke yangu kama simba wa kwenye tundu, madereva wananipigia honi wakidhani nina haraka. Mafuta niliyoambiwa nitaokoa nayachoma nikiwa nimesimama. Na nimenyamaza. Mimi! Ningekuwa nimeuziwa puli hii na mtu baki, angeshahama mji.

Jumapili, 30 Machi

Mkwe kaniomba nisimame pembeni ya gari, bonati wazi, anipige picha. Nikasimama. Akaniambia nicheke kidogo. Nikacheka.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo limenizimikia.

Nilimpakia mama mmoja na bintiye waliokuwa wanawahi usaili wa kazi wa yule binti. Msichana kavaa vizuri, kashikilia bahasha yake ya plastiki kifuani. Foleni haikusogea. Maji yalikuwa yamefunika ukingo wa barabara. Nilikuwa nakanyaga mafuta kama nilivyoelekezwa, lakini mguu nao ni wa mtu, unachoka. Nikapumzika kidogo tu. Waipa zikapanda nusu ya kioo, zikabaki hapo. Taa zikawa rangi ya chai ya maziwa. Injini ikakata. Nikageuza ufunguo: tik. Nikageuza tena: tik.

"Mama, vipi?" abiria akauliza.

"Dakika moja."

Dakika moja ikawa nyingi. Yule msichana alikuwa anatazama saa na midomo inacheza. Mwisho mama yake akafungua mlango, wakashuka kwenye maji, msichana kavua viatu kavishika mkononi, bahasha kaiweka kichwani, wakakimbia. Sikudai nauli. Yule mama aligeuka akanipigia kelele, "Gari bovu, unapakia watu ya nini?" Maneno yangu yote ya siku zote, hakuna hata moja lililokuja.

Tai alinikuta. Tukalisukuma hadi pembeni, yeye na tai yake imelowa imemgandia shingoni. Alipounganisha waya kutoka betri yake na gari likawaka, hakunicheka. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Tai hucheka hata msibani. Akatoa simu.

"Umeiona hii?"

Ni mimi. Nimesimama kando ya gari langu, bonati wazi, meno nje. Chini yake kumeandikwa: *Limepata roho mpya! Asema dereva wa teksi asiyesifu ovyo.*

"Iko kila mahali," Tai akasema. "Jana abiria wangu kaniuliza kama nakufahamu."

Baadaye mkwe akapiga. Kasikia kutoka kwa binti kwamba nililowa. "Gari lilikuwa na nini, mama?"

"Betri tu, mwanangu. Imezeeka."

Kauli ya uongo ya pili hiyo kwa mkwe. Ya kwanza niliisema kwa adabu. Hii sijui niliisema kwa nini.

Ijumaa, 4 Aprili

Mafua.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikuwa nimejipanga kumwambia leo. Nilipika mapema ili nipate nafasi. Mkwe akaja na mchoro wa duka: hapa kaunta, hapa rafu, hapa kiti cha mteja, na kiti kingine kwenye kona karibu na feni. "Hiki ni chako, mama. Ukipita mjini, unapumzika." Amekichora na mto wa kuegemea.

Nimshushe vipi mtu aliyenichorea mto?

Nikasema rafu ziwe imara. Binti yangu alikuwa ananitazama. Wakati wa kuondoka akaninong'oneza mlangoni, "Mbona leo hukunitazama machoni?" Nikamwambia macho yanawasha kwa mafua.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimelala vibaya wiki nzima, nikaamua kukata mzizi wa fitina. Kabla ya kumwambia mkwe kitu, nijue mwenyewe. Kwa sababu bado kulikuwa na sauti ndani yangu inayosema: umeme sawa, ni tatizo, lakini mwendo je? Mlimani pale nilihisi wepesi. Ningeapa. Kama mwendo upo kweli, basi mkwe ana jambo, la umeme litatafutiwa dawa.

Tai ndiye aliyesema, "Usiamini makalio yako, Mama Pilipili. Mwendo upimwe." Tukakubaliana hivi: Fundi Subiri atafunga puli mojawapo, bila kuniambia ipi, bila kumwambia hata Tai. Nitapanda mlima wa tangi la maji, kuanzia nguzo ya kona hadi geti la tangi, Tai kaketi nyuma na saa ya simu. Nitapanda zaidi ya mara moja. Kisha narudi, Fundi anafunga tena, nami nasema hii ni ipi. Nikishindwa, naosha gari la Tai mpaka mvua zikatike.

Mara ya kwanza, nilikaa kibandani ng'ambo ya barabara nikinywa chai huku Fundi akigonga gonga. Nikapanda. Gari zito. Niliusikia uzito wake mgongoni. "Hii ni ya zamani," nikasema. Fundi akanirudisha kibandani.

Mara ya pili, nikanywa chai nyingine, nikapanda. Loo! Tofauti kabisa. Gia ya pili ilikuwa inavuta kama imetekenywa. Nikapiga usukani, "Hii hapa! Hii ndiyo nyekundu! Tai, unaisikia?"

"Mimi nasikia njaa," Tai akasema.

Tukashuka. Fundi akafungua bonati. Puli iliyokuwa mle ndani ilikuwa nyeusi, kuukuu, na duara lake la mpira; ile nyekundu ndiyo niliyoiita nzito.

Nikabisha. Nikasema injini ilikuwa haijapata moto ile mara ya kwanza. Nikataka tena. Fundi akafanya kazi yake, nikanywa chai ya tatu mpaka tumbo likajaa, nikapanda. Safari hii nilikuwa makini, nimezima redio, nimefunga vioo, nimemkataza Tai kupumua. Wepesi ulikuwa pale, lakini ulikuwa wa namna nyingine, wa juu juu. "Hii ndiyo nyekundu. Sasa nina hakika."

"Subiri, mama," Fundi akasema, na alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. "Sikubadilisha kitu. Niligonga gonga spana tu."

Tai alikaa chini kwenye tairi la zamani akacheka hadi machozi. Nami nilicheka, ningefanya nini? Kisha akanionyesha saa zake. Puli ile ile, mlima ule ule, safari moja na nyingine zimepishana kuliko puli moja na nyingine zilivyopishana. Kama kuna tofauti, saa yetu haiioni na mgongo wangu hauioni.

"Kwa hiyo mkwe wangu ni mwongo?" nikamwuliza Fundi.

"Subiri. Hapana. Alichosema kina ukweli wake. Kwenye gari la mashindano, injini inapiga kelele mwanzo hadi mwisho, labda unapata kitu kidogo. Lakini hiyo nguvu haikushuka mbinguni, mama. Umemnyang'anya alteneta, umemnyang'anya pampu ya maji. Kwa gari la kusimama foleni, wenyewe watakuja kudai chao. Na mtetemo nao, usipomezwa na mpira, siku moja utamezwa na chuma." Akapangusa mikono. "Nifunge ipi?"

Nikamwambia arudishe nyekundu. Mkwe anakuja kesho, sitaki aifungue bonati akutane na jibu kabla sijampa kwa mdomo wangu.

Jumapili, 13 Aprili

Waliingia wamependeza. Mkwe alikuwa amenyoa. Kabla hata hajakaa, akasema, "Mama, nimeacha kazi."

Nikashika ukingo wa meza. "Si ulisema mwisho wa mwezi?"

"Ilikuwa juzi. Bosi aliiona ile picha yako. Akaniambia nichague, niuze vitu vyake au niuze vyangu. Nikamwambia, mama mkwe wangu hasifu kitu ovyo. Nikaacha ufunguo wa kaunta mezani nikatoka." Alikuwa anatabasamu na jasho limemtoka puani. "Mzigo bado sijaagiza. Naagiza kesho."

Nikapiga moyo konde. Nilimwambia yote, bila kupaka mafuta. Taa zinazofifia, waipa, gari lililonizimikia si kwa betri. Mlima wa tangi, puli niliyodhani nyekundu kumbe nyeusi. Nikamwambia siku ile aliponipigia simu nilikuwa sijahisi chochote, nilitaka tu kumfurahisha.

Hakunikatiza. Anavyosikiliza vizuri mtoto wa watu, ilikuwa adhabu. Nilipomaliza alikuwa amekiinamia kitambaa cha meza.

"Nilikuwa na wasiwasi na zile puli tangu mwanzo," akasema polepole. "Niliyosoma yalikuwa yanapingana. Wengine wanasema zinafaa, wengine wanasema zinaua injini. Nikajiuliza, nani ataniambia ukweli? Mke wangu ananionea huruma. Bosi ana biashara yake. Nikasema nimpelekee mama. Mama hambembelezi mtu. Zikiwa mbovu, atanitupia kichwani." Akanyanyua macho, akanitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu amwoe binti yangu. "Sikukuletea zawadi, mama. Nilikuletea unipimie."

Nilitaka kusema kitu. Nikaona kila kitakachotoka kitakuwa kitamu, nikanyamaza.

Akaaga kwa adabu zote, akatoka bila kula. Binti yangu alibaki nyuma kutafuta mkoba wake, uliokuwa begani.

"Nilikuuliza," akasema. "Jikoni pale. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, mama."

Chakula chote kimebaki. Nimekifunika.

Jumanne, 15 Aprili

Hawajapiga simu. Nimeosha gari la Tai.

Ijumaa, 18 Aprili

Binti kaandika ujumbe mfupi: *Mzigo hakuagiza. Analala mchana.* Nikaandika majibu mengi, nikayafuta. Nikampelekea, *Sawa.* Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo ambalo sikumwambia mtu kwanza. Nilikwenda kwenye duka la spea. Bosi ni mtu mnene, kakaa nyuma ya kaunta anakwangua kucha kwa bisibisi ndogo. Alinitazama, akaniangalia tena.

"Wewe si ndiye wa roho mpya?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukwambia nilidanganya. Kijana hana kosa, aliniamini. Mrudishe kazini."

Sijawahi kuomba kitu kwenye duka isipokuwa chenji yangu. 

"Mama," akasema, bila ubaya, "yeye hana miguu? Mkwe wako alikuwa muuzaji mzuri. Akija mwenyewe nitamsikiliza. Siajiri mtu aliyeombewa na mama mkwe."

Nilitoka nikiwa na hasira naye hadi nilipofika kwenye gari. Humo hasira ikaniisha, kwa sababu ningekuwa mimi ningejibu vile vile, tena kwa ukali zaidi. Nikampigia binti yangu, nikamwambia nilikokwenda na nilichojibiwa. "Nitamwambia," akasema.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua zinaanza kukatika. Asubuhi nilipeleka gari kwa Fundi Subiri arudishe puli ya zamani. Nikamkuta mkwe wangu pale, kavaa suruali kuukuu, anaulizia spana. Binti alimwambia nitakuja.

"Niliileta mimi," akasema. "Acha niitoe mimi."

Fundi akataka kusema subiri, nikamkazia jicho. Mkwe akalala chini ya gari kwenye matope. Alitumia muda mrefu kuliko Fundi, akajikwangua vidole, lakini aliimaliza, mkanda ukakaa sawasawa. Ile nyekundu akamwachia Fundi, akamwambia aitupe au ampe mwenye gari la mashindano.

Nikampa lifti hadi kwao. Tukakwama darajani kama kawaida. Taa zilikuwa zinawaka vizuri, waipa zinakwenda na kurudi bila kulalamika. Akaniambia alikwenda dukani Alhamisi. Bosi kamrudisha, si kaunta, ni stoo nyuma, kubeba na kupanga maboksi, mpaka hapo atakapoona.

"Ni sawa?" nikauliza.

"Ni kazi." Akawa anatoa grisi kwenye kucha. Kisha akasema, "Mama, nikuulize kitu. Ukinijibu, unijibu kama unavyomjibu Tai."

"Uliza."

"Mimi kama mume wa binti yako. Unanionaje?"

Nikasema haya sasa, leo hakuna ukwe. "Unachelewa. Kila Jumapili chakula kinapoa kikikusubiri. Unashika simu mezani, nami simu mezani naichukia. Unaamini kila kinachoandikwa, na ukishaamini huna breki. Mke wako anasumbuka na mambo mengine asiyokwambia, na wewe huulizi."

Alikuwa anaitikia kwa kichwa, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka chini kwa mpangilio. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anafurahi.

"Na kama ningeambiwa nichague upya katika vijana wote wa mji huu," nikasema, "ningekuchagua wewe."

Kichwa kikaacha kuitikia. Gari la mbele likasogea kidogo, nikasogea. Akanigeukia.

"Hilo la mwisho, mama. Ni la kweli, au ni la adabu?"

"Ni la kweli."

"Haya, mama," akasema. "Ahsante." Akalisema kwa upole, kwa heshima zake zote, kwa sauti ile ile ya kumfurahisha mtu niliyomjibia mimi siku ile aliponiuliza habari za puli.